Kibao Kidogo na Ufunguo wa Kabati

Mtu akitajiwa kompyuta, mara moja huona moyoni mwake mashine kubwa yenye kioo, iliyofunikwa kitambaa isiingie vumbi, ndani ya chumba chenye nondo madirishani. Mimi nami niliiona hivyo kwa muda wa miaka mitatu. Katika makala haya nataka kueleza habari za kompyuta ya namna nyingine, ndogo kuliko kipande cha sabuni, na jinsi sisi wasichana wa Chama cha Sayansi tulivyoanza kuitumia. Mwisho nitatoa ombi moja kwa walimu wetu na kwa wadogo zangu mtakaobaki. Nawaomba mnisome mpaka mwisho, kwa maana jambo lenyewe litaamuliwa muhula huu, kabla sisi wa Kidato cha Nne hatujafanya mtihani wetu mwezi wa Novemba.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Kompyuta hii huitwa Raspberry Pi, na aina tuliyo nayo sisi huitwa Zero 2 W. Ni kibao cha kijani, urefu wake milimita 65 na upana wake milimita 30, hata ukikiweka juu ya kiganja vidole hubaki wazi. Hakina kioo, hakina kibodi, hakina sanduku la kukifunika. Ukikitazama waona kila kiungo chake. Ndani ya kile kipande cha mraba kilicho juu yake umo ubongo. Upande mmoja kuna mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu, kama ile ya simu. Ubavuni yako matundu matatu: la picha, la kibodi, na la umeme. Na katika ubavu wa pili kuna vishimo 40 katika safu mbili. Hivyo vishimo nitavirudia baadaye, maana ndivyo vyenye mambo makubwa.

Kibao hiki kina historia ambayo yatuhusu. Mnamo mwaka 2006 hivi, huko Cambridge, Uingereza, Eben Upton na wenzake katika chuo kikuu waliona jambo la kuwasikitisha. Vijana waliokuwa wakiomba kusoma elimu ya kompyuta walikuwa wakipungua, na hata waliokuja hawakuwa na ujuzi kama wa wale waliowatangulia. Sababu ilikuwa nini? Katika miaka ya 1980 watoto wengi wa Uingereza walikuwa na kompyuta ndogo za nyumbani, mathalani BBC Micro iliyotoka mwaka 1981. Ukiiwasha hiyo, yakungoja uiandikie amri. Basi mtoto alijifunza kuiamuru apende asipende. Baadaye zikaja kompyuta za gharama, za kazi za baba na mama, na mashine za michezo ambazo hazifunguliki. Mtoto akaambiwa, "Itumie, lakini usiichokonoe."

Basi watu hao wakafanya shauri la kutengeneza kompyuta ya bei ya chini, ambayo mtoto akiiharibu hapatakuwa na msiba nyumbani. Mwaka 2009 wakaunda shirika la hisani, na tarehe 29 Februari 2012 kibao cha kwanza kikauzwa kwa dola 35 za Kimarekani. Walitazamia kuuza elfu chache tu. Kufikia mwaka 2024 vilikuwa vimeuzwa zaidi ya milioni 60. Tarehe 26 Novemba 2015 ikatoka Zero ya kwanza kwa dola 5, nayo ilibandikwa bure juu ya jalada la gazeti lao, hata mtu aliyenunua gazeti alirudi nyumbani na kompyuta. Hii yetu, Zero 2 W, ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 15. Nguvu yake si kubwa tukiilinganisha na mashine za leo, lakini kumbukumbu yake ya kazi ni zaidi ya mara 16,000 ya ile BBC Micro iliyokuwa na kilobaiti 32. Msomaji na ashike jambo moja hapo: shabaha ya wale watu ilikuwa kompyuta isiyoogopwa.

Sasa turudi hapa shuleni. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine kumi, na zinazowaka ni nne. Ufunguo hukaa ofisini. Nayasema haya bila lawama, maana mwalimu mwenye dhamana ya vitu vya shule, kikipotea kimoja, ataulizwa yeye wala si mimi. Walakini matokeo yake ni kwamba tulijifunza kompyuta kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kuchorewa mto ubaoni. Tulijua majina ya sehemu zake, tukayaandika katika madaftari, tukapata alama nzuri, na wengi wetu tulikuwa hatujabonyeza kitufe hata kimoja.

Mwaka jana, muhula wa pili, dada mmoja aliyesoma hapa zamani, ambaye sasa anafanya kazi mjini, alituletea vibao viwili pamoja na kadi mbili na nyaya zake, akavikabidhi kwa Chama cha Sayansi. Hakutoa hotuba ndefu. Alisema tu, "Wadogo zangu, hivi ni vya kuguswa."

Kibao pekee hakifanyi kazi, kama jembe lisilo mpini. Chahitaji vitu vitano. Cha kwanza ni umeme wa volti 5, ambao chaja nzuri ya simu huutoa. Chaja dhaifu haifai, kwa maana kompyuta huzimika katikati ya kazi. Cha pili ni kadi ya kumbukumbu; zetu ni za gigabaiti 16. Cha tatu ni kibodi na kipanya, ambavyo tulivitoa katika zile mashine za shule zisizowaka. Cha nne ni kigawanyio, kwa sababu tundu la kibodi ni moja na lenyewe dogo. Cha tano ni waya wa kupeleka picha katika televisheni, nasi tulipewa ruhusa ya kutumia televisheni ya bwaloni kila Jumamosi alasiri, wakati wenzetu wakiwa uwanjani.

Jambo la kujua tangu mwanzo ni hili: kibao hiki hakina mahali ndani yake pa kuhifadhi kazi. Mfumo wa kukiendesha, pamoja na kila utakachokiandika, hukaa katika kadi. Mfumo huo huitwa Raspberry Pi OS, nao hutolewa bure. Mwalimu wetu wa Fizikia aliupakua akauweka katika kompyuta yake ya mkononi. Iko programu ndogo ya kuandikia kadi. Unachagua aina ya kibao, kisha mfumo, kisha kadi, unabonyeza, unangoja. Hapo sharti uangalie sana umechagua kadi ipi, kwa sababu kila kilichokuwamo hufutika. Kwetu kazi hiyo ilichukua muda kama wa kupika uji.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa wasichana kumi na mmoja kuizunguka meza moja. Kibao hakina swichi. Ukikitia umeme, kimewaka. Taa yake ndogo ya kijani ikaanza kukonyeza, lakini televisheni ikabaki nyeusi. Wengine wakaguna, mmoja akasema kimekufa. Mwalimu akatuambia tuwe na subira, kwani mara ya kwanza mfumo hujipanga katika kadi na kujitandaza mpaka uijaze yote. Baada ya dakika chache picha ikatokea, na kompyuta ikatuuliza nchi yetu, lugha yetu, na jina la mtumiaji. Tukabishana juu ya jina, mwisho tukaandika "sayansi". Kisha kila mmoja akaja kwa zamu akaandika amri yake ya kwanza katika lugha ya Python, ya kuiambia kompyuta itoe salamu. Nami nilipoona maneno "Shikamoo mwalimu" yakitokea kwa amri yangu mwenyewe, nilitazama nyuma kuona kama yupo atakayenifukuza pale.

Kisa kilichotufungua macho kilitokea wiki ya tatu. Mtoto mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa akisafisha mafaili ambayo hakuyajua kazi yake, akafuta sehemu ya mfumo wenyewe. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa tena, haikuinuka. Kimya kikaingia. Yule mtoto akaanza kulia, maana twajua sote desturi ilivyo: kitu cha shule kikiharibika mzazi huitwa, na mzazi wake yuko mbali na nauli ni shida. Mwalimu hakugomba. Akaichomoa kadi, akaichomeka katika kompyuta yake, akaiandika upya mbele yetu. Kabla ya kengele ya chakula cha usiku kibao kilikuwa kinawaka kama siku ya kwanza. Kilichopotea ni kazi zetu za wiki mbili tu. Kisha akamwambia yule mtoto, "Wewe sasa ndiwe utakayewafundisha wenzako kuandika kadi." Na kweli, tangu siku ile yeye ndiye fundi wetu wa kadi, nasi tulijifunza kuweka nakala ya kazi zetu pembeni.

Ndugu wasomaji, Jumamosi iliyofuata nilihesabu watu mezani. Wale waliokuwa wakikaa nyuma na kusema "mimi natazama tu" walikuwa wamesogea mbele.

Sasa nirudi kwa vile vishimo 40. Fundi redio wa sokoni alituchomelea pini katika kila kishimo kwa lehemu. Kwa pini hizo kompyuta yaweza kuwasha taa, kugeuza mota, na kusikia kitufe kikibonyezwa. Yaani inatoka katika kioo na kuingia katika mambo ya dunia. Kazi ya kwanza ya kila anayeanza ni kuwasha taa ndogo. Mguu mrefu wa taa huunganishwa na pini ya ishara, mguu mfupi na pini ya ardhi, na katikati hutiwa rezista. Kisha waandika programu ya mistari isiyozidi sita, na taa inawaka na kuzimika.

Kwa nini rezista? Hapa ndipo somo la Fizikia liliposhuka kutoka ubaoni. Pini hutoa volti 3.3. Taa nyekundu hutumia volti 2 hivi. Zinabaki volti 1.3. Ukizigawanya kwa omu 330 wapata kama miliampia 4, ambazo zaitosha taa bila kuichosha pini. Sheria ya Ohm niliijua tangu Kidato cha Pili, na ningeweza kuiandika usingizini. Lakini siku ile ndiyo niliyoiona kwa mara ya kwanza ikilinda kitu kisiungue.

Nisije nikadhaniwa nasifu tu, zipo hatari zake. Kati ya zile pini 40 ziko mbili zitoazo volti 5. Waya wake ukigusa pini ya ishara, kibao chaweza kufa kabisa, na hapo kadi haisaidii. Tena kompyuta hii haipendi kukatiwa umeme ghafla, kwa sababu yaweza kuwa inaandika katika kadi wakati huo, na maandishi yakaharibika. Kwa shule kama yetu ambayo umeme hukatika bila taarifa, tuliona heri kuitia umeme kwa betri ile ya kuchajia simu. Hali kadhalika haina saa yake yenyewe yenye betri. Ikizimwa haijui wakati umepita kiasi gani, mpaka iupate katika mtandao. Ndiyo maana shauri letu la kuifanya ipige kengele ya shule tuliliacha.

Shauri tulilolishika ni la maji. Kila mkaaji wa bweni aijua taabu ya tangi la nyuma ya jiko. Likikauka usiku hakuna ajuaye, mpaka saa kumi na moja alfajiri watu wanapopanga ndoo. Hapo pampu ndipo iwashwe, na kungoja kujaa ni kungoja mpaka kipindi cha kwanza kimepita. Wanaoumia zaidi ni wadogo, kwani huwa nyuma ya mstari. Basi tulichukua boya la tangi bovu la choo, tukalifunga swichi; maji yakishuka, boya hushuka, swichi hufunga. Waya wapita dirishani mpaka chumba cha Chama, ambamo kibao husoma swichi hiyo kila dakika na kuwasha taa nyekundu dirishani, mahali ambapo mlinzi hupita katika doria yake. Muhula uliopita taa ile iliwaka usiku mara mbili. Mara zote mbili mlinzi aliwasha pampu kabla hakujakucha, na siku hizo hakuna aliyechelewa darasani kwa ajili ya maji. Bado tunataka kuongeza boya la juu, ili pampu izimwe tangi likijaa. Kazi hiyo sisi hatutaimaliza.

Sasa naja kwa ombi langu. Yamesemwa shuleni kwamba tukiisha kuondoka, vibao vyote viwili vifungiwe kabatini pamoja na vifaa vingine, visije vikapotea wala kuharibika. Hoja hiyo haikutoka kwa mtu mbaya. Kitu kidogo namna hii huingia mfukoni upesi. Twajua pia kwamba chaweza kufa kwa kosa la waya mmoja. Tena wapo wasemao kwamba wasichana watapoteza muda wa kujisomea kwa mchezo wa taa. Nataka kuzijibu hoja hizi tatu kwa heshima.

Kuhusu kupotea, kibao kinachotumika tumekifunga kwa skrubu juu ya ubao mpana, wala hakuna mfuko wa sketi utakaokipokea. Liko pia daftari la kutia sahihi kila Jumamosi. Kuhusu muda, masaa yetu ni yale ya Jumamosi alasiri, na mwenye alama zinazoshuka hupumzishwa mpaka zipande. Kanuni hiyo tuliitunga wenyewe.

Kuhusu kuharibika ndiko kwenye shina la maneno. Mashine ikiwa ya gharama na haina mbadala, kuifungia ni busara. Lakini kibao hiki kilitengenezwa makusudi ili kistahimili mikono ya mwanafunzi, kwa kuwa roho yake yote iko katika kadi, na kadi huandikwa upya kabla ya chakula cha usiku. Kukifungia kabatini ni kama kununua kamba ya kuchotea maji na kuificha isilowe. Na zaidi ya hayo, siku kitakapoingia kabatini, ile taa ya dirishani itazimika, na ndoo zitarudi mstarini gizani.

Kwa hiyo naomba tukutane katikati. Kabati na lipewe haki yake: kifungiwe kibao cha pili, na ifungiwe kadi ya akiba iliyoandikwa vizuri na kujaribiwa. Kibao cha kwanza kibaki mezani. Kikipata ugonjwa wa kadi, mwalimu atatoa kadi ya akiba. Kikifa kabisa, kitatoka cha pili, nasi tutakuwa tumejua sababu ya kufa kwake, ambayo nayo ni elimu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi aliyefungiwa koleo lake tangu ujana, huyo hakuuanza uhunzi.

Nanyi wadogo zangu, hasa wa Kidato cha Kwanza, mnaopita dirishani mkichungulia taa, ingieni. Msingoje mjue kwanza. Anzeni na kadi, mjue kuiandika wenyewe, maana ajuaye kurudisha kitu mahali pake hawezi kukiogopa. Kisha washeni taa moja. Kisha ulizeni ni nini hapa shuleni chahitaji kutazamwa usiku wakati watu wamelala. Nyaya zikifunguka zifungeni tena, na mkimaliza kazi zimeni kompyuta kwa utaratibu kabla ya kuchomoa umeme.

Kadi ya akiba nimekwisha kuiandika. Imejaribiwa mbele ya mwalimu, imetiwa katika bahasha yenye tarehe, na yule fundi wetu wa kadi, ambaye sasa yuko Kidato cha Tatu, ndiye atakayeipokea kwa sahihi kabla sijaanza mtihani. Hiyo na ifungiwe vizuri.

Wasalaam.

Mwanafunzi, Kidato cha IV
Chama cha Sayansi